Feni inalia, kadi ni nzima

SWALI: Shikamoo fundi. Ninahariri video za harusi na sendofu hapa Moshi, maeneo ya Majengo. Kompyuta yangu ina kadi ya grafiki ya GTX 1060 yenye feni mbili, niliinunua ikiwa imeshatumika. Siku hizi asubuhi nikiwasha inakwaruza, halafu baada ya muda inatulia. Nikianza kurenda video ndefu inanguruma mpaka wateja wanauliza kuna nini. Fundi wa jirani ameniambia kadi inaelekea kufa, ninunue nyingine. Mwingine anasema nitie mafuta tu, yatosha. Nikitazama kwenye programu, feni inaonekana inazunguka vizuri. Nimwamini nani? Na Desemba ndiyo hiyo inakuja.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kadi yako haifi. Kinachokufa ni beringi ya feni, na huenda ni ya feni moja tu kati ya hizo mbili. Kelele ya asubuhi inayotulia baada ya muda inajieleza yenyewe: mafuta ndani ya beringi yamepungua na mabaki yake yamekuwa mazito, yakipata joto yanalainika kidogo, sauti inashuka. Kadi inayokufa haina tabia hiyo. Yenyewe huleta michirizi na vidoti vya rangi kwenye skrini, au picha inapotea na kompyuta inajizima katikati ya kazi. Kama hujaona mambo hayo, pesa ya kadi mpya iache ilipo.

Ila usilichukulie jambo hili kwa wepesi. GTX 1060 ikiwa kazini inakula wati 120, na karibu zote huishia kuwa joto. NVIDIA, waliounda chipu yake, waliiwekea kikomo cha nyuzi 94, lakini mapema zaidi, ikikaribia 83, kadi yenyewe huanza kujipunguzia kasi. Ndiyo maana mwenye feni mbovu haumii masikio tu. Kazi iliyokuwa ikimaliza kurenda kabla ya chakula cha mchana sasa inavuka hadi alasiri, naye anadhani ni kompyuta kuzeeka. Na kadi za aina yako zilizouzwa mitumba, nyingi zilitoka kuchimba sarafu za mtandaoni, zikiwa zimekesha usiku na mchana kwa miezi. Watengenezaji wa feni za beringi nyepesi mara nyingi huzikadiria maisha ya saa 30,000. Ukipiga hesabu hiyo ni kama miaka mitatu na nusu bila kuzima. Kadi hii ilitoka mwaka 2016, kwa hiyo feni kuchoka si ajabu wala si dalili kwamba kilichobaki kimechoka.

Sasa hiyo programu inayokuambia mambo ni shwari. Feni ya kadi kwa kawaida ina nyaya nne: mbili ni za umeme wa volti 12, mmoja unapokea amri ya kasi, na mmoja unarudisha taarifa ya mizunguko kwa dakika. Kwenye kadi nyingi za feni mbili, feni zote huishia kwenye plagi moja ya pini nne, na waya wa taarifa unatoka kwenye feni moja tu. Ile ya pili inaweza kuwa imesimama kabisa, na programu kama GPU-Z ikaendelea kukuandikia mizunguko 1,800 bila wasiwasi wowote. Namba ni ya kweli, ila ni ya feni nyingine. Fungua ubavu wa kesi, yaani boksi la kompyuta, washa tochi ya simu, tazama kwa macho yako.

Ukikuta zote zimesimama wakati hakuna kazi, usishtuke. Kadi nyingi za kizazi hicho zimeundwa kusimamisha feni hadi joto lifike nyuzi 50 au 60. Ingia kwenye MSI Afterburner, programu ya kuongoza kadi, toa udhibiti wa moja kwa moja, ziweke feni kwenye asilimia 40 au 50 kwa mkono, ndipo uanze kuchunguza.

Kumjua mhalifu ni rahisi. Feni zikiwa zinazunguka polepole, gusa kitovu cha mojawapo kwa ncha ya kidole, pale katikati penye stika. Usiguse mapanga. Bonyeza taratibu hadi isimame kwa sekunde mbili tatu, kisha iachie. Kelele ikikatika, umeshampata. Ikibaki, nenda kwa ya pili. Ikibaki hata hiyo ya pili ikisimama, geukia feni ya prosesa, ya pawa saplai, au diski kuu kama bado unatumia ya kuzunguka. Kuna pia mluzi mwembamba unaobadilika kadiri kazi inavyobadilika kwenye skrini. Hizo ni koili za kadi zinazotetemeka kwa umeme, na hakuna feni mpya itakayounyamazisha. Unakera, lakini hauna madhara.

Kipimo cha pili nakipenda zaidi kwa sababu kinakupa na nafuu papo hapo. Kesi yako nadhani ni ya kusimama. Humo kadi inalala, feni zinatazama chini, na shafti ya feni iko wima. Mkao huo ni mbaya kwa beringi za bei rahisi: mapanga yananing'inia saa zote, na mafuta yanapata njia ya kushuka na kutoroka. Zima kompyuta, ilaze kesi ubavuni, madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ikiwa chini na ubavu ulio wazi ukitazama juu. Kadi sasa inasimama na shafti inalala. Washa usikilize. Sauti ikibadilika sana au ikipotea, hakuna ubishi tena, beringi imelika. Na unaweza kuiacha ilale hivyo hivyo ifanye kazi wakati unasubiri feni. Haipendezi mbele ya wateja, lakini kazi inatoka.

Kabla ya kununua chochote, safisha. Udongo wetu wa volkano, huku chini ya Meru na huko kwenu chini ya Kilimanjaro, unatoa vumbi laini mno linalopita kwenye vichujio vya kesi bila kuulizwa. Likiganda upande mmoja wa panga, feni inapoteza mizani na kuanza kutetemeka, na mtetemo huo unamaliza beringi kabla ya wakati wake. Brashi laini ya rangi inatosha kwa mapanga. Kwa mapezi ya alumini yaliyo nyuma ya feni, mengi hapa mjini hupuliziwa bloa. Sawa, pulizia, lakini shika panga kwa kidole lisizunguke. Feni inayosukumwa na bloa inapita kasi iliyoundiwa na beringi iliyobakiza maisha kidogo inamalizikia hapo hapo. Tena mota inayozungushwa kwa nguvu hugeuka jenereta ndogo na kurudisha umeme kwenye kadi. Nimeona wengi wakifurahia ule mlio wa feni kupaa. Si wa kufurahia.

Kuhusu yule anayesema utie mafuta, ana nusu ya haki. Feni hizi zina beringi za aina mbili kuu. Ya kwanza ni bushi, yaani shafti inazunguka ndani ya kibomba chenye mafuta. Ni rahisi kutengeneza, ina utulivu ikiwa mpya, na ndiyo inayokwaruza hivyo unavyosimulia. Ya pili ni ya gololi, ina sauti kidogo tangu siku ya kwanza lakini inastahimili joto na mkao wowote. Bushi iliyokauka ukiidondoshea tone moja la mafuta ya cherehani inanyamaza, wakati mwingine kwa wiki, wakati mwingine kwa miezi. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda na kunata. Zile dawa za kupuliza za kulegeza nati zenye kutu nazo hapana: zinayeyusha mafuta yaliyobaki, kisha zenyewe zinakauka, ukabaki pabaya kuliko ulipoanzia. Grisi nzito inaikaba mota ndogo kama hiyo.

Tatizo ni pa kutilia. Watu wanabandua stika ya mbele yenye nembo, hawakuti tundu, wanamwagia mafuta juu ya plastiki. Ile ya mbele ni pambo, inazunguka na mapanga. Njia ya kufikia beringi iko mgongoni mwa feni, chini ya stika yenye maandishi, na kwenye feni nyingi za kadi hata hapo pamezibwa kiwandani. Nyingine zinakubali mapanga kuvutwa yatoke kwenye shafti, nyingine ukivuta zinavunjika. Na hata ukifanikiwa, bushi iliyokwisha kutanuka haijazwi na mafuta. Shika panga, ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, mafuta nayaona kama njia ya kuvuka wikiendi yenye harusi mbili, basi. Baada ya hapo feni inabadilishwa.

Tukija kwenye kununua, hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, na ndipo nataka unisikilize zaidi. Watu huenda dukani au mtandaoni wakaandika "feni ya GTX 1060". GTX 1060 ni jina la chipu. Kadi zenyewe zimeundwa na makampuni mengi, kila moja ikiwa na matoleo kadhaa, na kila toleo lina feni yake. Hata kadi mbili zenye boksi lile lile zinaweza kuwa na feni tofauti kwa sababu kiwanda kilibadilisha mwuzaji katikati ya mwaka. Feni inanunuliwa kwa namba iliyo mgongoni mwake. Maana yake ni kwamba unafungua kwanza, unasoma, unafunga tena, ndipo unaagiza. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa saa moja badala ya mwezi wa kusubiri kitu kisichoingia.

Namba zenyewe zina sura kama T128010SU, PLD09210S12HH au FD10015H12S. Hazisomeki kama jina, lakini ukizizoea zinasema. Chukua hiyo ya katikati: 092 ni kundi la ukubwa, 10 ni unene kwa milimita, 12 ni volti. Herufi S iliyo mbele ya volti mara nyingi ni bushi, na ukikuta feni ile ile yenye B mahali pa S, hiyo ni ya gololi. Mimi ningelipa zaidi kidogo kupata hiyo ya B, hasa kwa mtu anayerenda usiku kucha katika mji wenye joto kama wenu. Chini ya namba utaona ampea, kwa mfano 0.35A au 0.50A. Isipishane sana na ya zamani kwenda juu, kwa sababu umeme huo unatoka kwenye kadi yenyewe na sakiti inayoutoa ni ndogo.

Piga picha ya stika hiyo isomeke vizuri, kisha chukua rula. Pima upana wa mapanga kutoka ncha hadi ncha. Usishangae feni ya kundi la 92 ikipimika milimita 85 hivi, ni kawaida. Pima umbali kati ya matundu ya skrubu, kwani feni nyingi hushikwa na skrubu tatu zilizokaa pembetatu, na tofauti ya milimita mbili inatosha kuharibu safari yote. Hesabu pini za plagi. Plagi ya kadi ni ndogo kuliko ile ya feni za kesi: pini za kesi zimeachana milimita 2.54, za kadi nyingi ni 2.0, na zipo ndogo zaidi ya hapo. Usiamini rangi za nyaya kabisa. Kila kiwanda kina rangi zake, na mtu anayekata nyaya na kuunga nyeusi kwa nyeusi, njano kwa njano, anaweza kupeleka volti 12 mahali pa kupokea taarifa.

Halafu kuna upande wa kuzunguka. Kadi fulani za feni mbili zina moja inayozunguka kulia na nyingine kushoto. Tazama mapanga yamepinda kuelekea wapi kabla ya kuagiza mbili zinazofanana. Feni inayozunguka kinyume cha mapanga yake haisukumi hewa ya maana.

Nunua jozi. Zimefanya kazi saa zile zile, joto lile lile. Ya pili haiko mbali. Tena kwenye kadi nyingi zinauzwa zikiwa zimeungana kwenye plagi moja, huwezi kuzitenganisha hata ukitaka. Ile iliyo bado nzima iweke kwenye droo.

Pa kupatia: kabla hujaagiza mbali, pita kwa mafundi wa kompyuta wa hapo Moshi na Arusha wenye maboksi ya kadi zilizokufa. Kadi iliyoungua chipu mara nyingi ina feni nzima, na fundi mwenye busara hazitupi. Uliza kwa kuonyesha picha ya stika, si kwa kueleza. Kariakoo nako zipo, na ukimpata muuzaji akakuthibitishia namba, mzigo unapandishwa kwenye basi asubuhi na jioni unauchukua stendi. Mwambie akutumie kwanza picha ya mgongo wa feni aliyoishika mkononi, sio picha aliyoitoa mtandaoni. Njia ya tatu ni AliExpress, ambako karibu kila namba inapatikana kwa dola chache, lakini mzigo unaweza kuchukua wiki kadhaa. Kwako wewe, wenyeji wakishaanza kupanda kutoka Dar kuja nyumbani kwa Krismasi, kila Jumamosi ina sherehe. Ukiagiza nje, agiza sasa.

Kazi yenyewe haihitaji kiwanda. Meza yenye mwanga, bisibisi ya nyota ndogo na nyingine ya saizi inayofuata, kisahani cha skrubu, na simu ya kupigia picha kila hatua. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kesi kabla ya kushika kadi. Toa plagi ya umeme ya kadi, ya pini 6 au 8, kwa kubonyeza kile kikofi chake. Fungua skrubu ya nyuma inayoishikilia kwenye kesi, bonyeza kitasa kidogo kilicho mwisho wa sloti ya madabodi, ndipo uivute kwa kunyooka. Kitasa hicho ndicho kinachosahaulika na ndicho kinachovunjika.

Igeuze kadi uitazame kwa muda bila kufungua chochote. Kuna familia mbili. Kwenye ya kwanza, kava la plastiki linaloshikilia feni limefungwa pembeni au kwa skrubu chache za mgongoni, na linatoka huku hitisinki, yaani ule mzigo wa mapezi ya alumini, ikibaki imekaa juu ya chipu. Hapo umepata bahati: unatoa kava, unachomoa plagi, unabadilisha feni, unafunga, na pesti, yaani ile dawa inayopitisha joto kati ya chipu na hitisinki, hujaigusa. Kwenye ya pili, kava na hitisinki vimefungwa pamoja na huwezi kufikia skrubu za feni bila kutoa vyote. Utaitambua kwa zile skrubu nne zenye springi zilizozunguka katikati ya mgongo wa kadi. Jaribu kwanza kuthibitisha kama yako ni ya familia ya kwanza. Watu hufungua hizo nne kwa pupa kwa sababu ndizo zinazoonekana, kumbe hazikuhusika.

Kava likilegea usilinyanyue kwa nguvu, nyaya za feni bado zimeungana na kadi chini yake. Inua upande mmoja, ingiza kucha au kijiti cha plastiki kwenye mabega ya plagi, isogeze kushoto kulia hadi itoke. Ukivuta nyaya, unang'oa soketi kwenye bodi, na hapo kazi ya bisibisi imegeuka kazi ya kuchomelea risasi chini ya lenzi. Kisha zile skrubu tatu za kila feni, feni mpya ndani, nyaya zipitishwe kwenye mifereji ile ile zilimopita za zamani. Zungusha kila feni kwa kidole kabla ya kufunga. Waya mmoja uliojitokeza ukigusa panga utakupa kelele mbaya kuliko ya mwanzo, na utadhani umeuziwa feni mbovu.

Kama ni familia ya pili, au hata kama ni ya kwanza lakini kadi ina umri huo na haijawahi kufunguliwa, utakutana na pesti. Legeza zile skrubu nne kwa mtindo wa msalaba, nusu mzunguko kila moja, ili hitisinki isiinuke upande mmoja ikaibana chipu. Ikigoma kutoka, ipashe kadi joto kidogo kwa kuitumia dakika chache kabla ya kuichomoa, kisha izungushe taratibu kushoto kulia. Usiikweze kwa bisibisi. Pesti ya zamani futa kwa aisopropili, ambayo fundi simu yeyote anayo mezani, na karatasi laini. Mpya weka tone dogo katikati ya chipu. Vile vipande laini vilivyokaa juu ya chipu za kumbukumbu viache vilivyo kama havijachanika. Vikichanika, tafuta vya unene ule ule, kwa kuwa kuna vya nusu milimita, milimita moja, moja na nusu na kuendelea; kinene kuliko kinavyotakiwa kinaizuia hitisinki kuikalia chipu, na pesti haizibi nafasi ya kipande kilichopotea.

Usipopata feni kabisa, kuna njia ya mafundi wa gemu, na mimi sioni aibu kuipendekeza. Ondoa kava lote pamoja na feni zake, funga feni mbili za kawaida za kesi za milimita 92 moja kwa moja juu ya mapezi kwa ile mikanda myembamba ya plastiki ya kufungia nyaya. Ni nene, milimita 25, kwa hiyo hakikisha sloti za chini ya kadi ziko wazi. Zichomeke kwenye madabodi, sio kwenye kadi. Shida ni kwamba madabodi haifuati joto la kadi yenyewe. Programu ya bure iitwayo FanControl inaweza kuifanya ifuate, au uziache kwenye asilimia 60 muda wote. Sura yake ni ya ovyo kidogo. Lakini feni za kesi zinapatikana kila mahali, na ikichakaa moja unaibadilisha bila kuitoa hitisinki.

Wakati unasubiri, punguza mzigo. Kwenye MSI Afterburner shusha kikomo cha umeme hadi asilimia 70. Kasi ya kurenda itapungua kiasi ambacho huenda usikione, lakini joto litashuka na feni hazitalazimika kupiga kelele. Kesi ilaze, ubavu uwe wazi, na kama chumba kina pangaboi liwashe.

Siku ya kujaribu, weka feni asilimia 50 kwa mkono kwanza. Zisipozunguka kabisa, plagi haijaingia hadi mwisho. Zikipiga kasi ya juu muda wote bila kusikia amri, waya wa amri haujagusa au umeletewa feni zenye mpangilio tofauti wa pini. Zima mara moja na linganisha na picha zako. Zikitii, rudisha udhibiti wa moja kwa moja, kikomo cha umeme kirudi asilimia 100, funga ubavu wa kesi na renda harusi moja nzima huku ukitazama namba. Programu za kutesa kadi kama FurMark zipo, lakini kazi yako halisi ni kipimo kizuri zaidi. Kadi ya feni mbili ya aina yako ikisimama kati ya 65 na 75 huku nje kuna jua la Februari la Moshi, iko vizuri. Ikipanda hadi 83 kwa dakika chache ilhali feni zote mbili zinazunguka, feni hazina kosa. Hapo pesti imekauka au hitisinki haijakaa sawa, na utazifungua zile skrubu nne baada ya yote.